Sharti la Muhtasari Lisifutwe

Pendekezo la kufuta sharti la muhtasari kwenye kifungu cha miradi cha katiba ya chama chetu limezungumzwa kwenye kundi la WhatsApp usiku na mchana, lakini mkutano mkuu wa chama uliopaswa kulijadili umeahirishwa, kwa mara nyingine, kwa kukosa akidi. Sharti lenyewe ni fupi: mweka hazina hatumi fedha nyumbani mpaka apokee muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji wenye saini ya mwenyekiti na mtendaji, mhuri, na orodha ya mahudhurio. Kamati yetu tendaji inataka barua ya mtendaji pekee itoshe. Tunapinga, hasa kwa sababu ya hiyo orodha. Ndiyo karatasi pekee inayotuonyesha kama walioamua ni wanakijiji au ni watu wachache wa ofisini. Sheria ya mwaka 1982 ya mamlaka za wilaya haikuupa mkutano mkuu wa kijiji, wa wakazi wote wenye miaka 18 na zaidi mamlaka ya juu kijijini kwa mapambo.

Tumekwisha kuona yanayotokea wanakijiji wasipoulizwa. Miaka ya 1970 mikoa yetu iligawiwa wafadhili, Wajerumani Tanga, Benki ya Dunia Kigoma, ili kilimo, maji, barabara na afya viendelezwe kwa pamoja. Mipango iliandaliwa na wataalamu, wengi wao wageni, na mwanakijiji akaletewa akiwa wa mwisho kuulizwa. Kabla ya hapo, kule Songea, Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma ilikuwa imeanzia upande wa pili. Wanakijiji wa Litowa na wenzao walipanga wenyewe, wakawa na shule iliyofungamana na kilimo chao na mashine ya kusaga iliyo mali yao. TANU iliivunja Septemba 1969 na mali ikachukuliwa. Uamuzi huo ulitoka juu, si kwa wanachama. Sisi nasi chamani tumeyatenganisha mambo: tuna kamati ya maji, kamati ya elimu na kamati ya afya, ambazo hazisalimiani. Maji, elimu na afya hukutana kijijini tu: mama anayelalamikia bei ya dizeli ya pampu ndiye anayedaiwa mchango wa darasa, na ndiye anayejua kwamba kabla ya mahindi kuvunwa hakuna mwenye fedha mkononi. Mtendaji hataandika hayo kwenye barua yake.

Tunaambiwa mikutano inachelewesha. Kisheria inaitishwa kila baada ya miezi mitatu, na ni kweli vipo vijiji visivyoitisha. Lakini kijiji kilichoshindwa kukaa kuomba kisima kitakaa lini kukubaliana nani alipie matengenezo? Tunaambiwa pia wakubwa ndio wanaosema na akina mama wananyamaza. Hoja hiyo ina uzito, na dawa yake ni kukaza sharti: orodha ionyeshe jina, jinsia, kitongoji, na saini au dole gumba. Kuhusu mafuriko na maafa mengine, kifungu cha dharura kipo tangu zamani; wanaokililia hawajaisoma katiba.

Marekebisho yatapigiwa kura mkutano ujao, na wanaohesabika ni wanachama waliolipa ada. Alama ya dole gumba kwenye simu si kura. Lipa ada yako wiki hii, soma kifungu cha miradi chote, kisha uje ukumbini.