Mafuta Ziwa Tanganyika: Ujiji iulize kemikali kabla ya visima

MKAZI wa Ujiji anaijua chumvi ya Uvinza. Ni punje ngumu, na kuiyeyusha yenyewe bila maji kunahitaji joto la nyuzi 801 za Selsiasi.

Ipo hata hivyo chumvi ambayo ni kimiminika bila kuchanganywa na maji. Mwaka 1914 mkemia Paul Walden alieleza moja inayoyeyuka kwenye nyuzi 12 tu. Chumvi za aina hii huitwa vimiminika vya ayoni, na siku hizi watafiti wa sekta ya mafuta wanazifanyia kazi kwa bidii.

Jambo hili linamhusu vipi muuza dagaa au mkulima wa michikichi?

Mwaka 2010 kampuni ya Beach Energy ya Australia ilipewa kitalu cha kusini mwa Ziwa Tanganyika. Ilifanya uchunguzi wa mitetemo, kisha ikaondoka bila kuchimba kisima. Mwaka 2025 Mamlaka ya Udhibiti Mkondo wa Juu wa Petroli (PURA) ilitangaza maandalizi ya duru ya tano ya kunadi vitalu, vikiwamo vitatu vya ziwa hili. Ng'ambo, Kongo iliweka vitalu vya Bonde la Tanganyika katika mnada wa mwaka 2022, kisha ikaufuta mnada huo mwaka 2024.

Ni dhahiri kuwa suala la mafuta halijafungwa. Na kisima hakichimbwi kwa chuma peke yake, bali kwa kemikali.

Kila mkulima ameona udongo wa mfinyanzi unavyovimba mvua ikinyesha. Chini ya ardhi hali ni hiyo hiyo: udongo ukikutana na maji ya kuchimbia huvimba na kubana mtambo. Dawa iliyozoeleka ni kloridi ya potasiamu, ile ile inayouzwa kama mbolea ya MOP. Tatizo ni kwamba huhitajika kwa wingi, na taka zake zikimwagwa shambani huharibu udongo kwa kloridi iliyozidi.

Hapo ndipo vimiminika vya ayoni vinaposifiwa. Majaribio ya maabara yameonyesha kuwa kiasi kidogo tu kinaweza kuzuia udongo usivimbe. Vingine hulainisha mafuta mazito au kutenganisha mafuta na maji. Kikwazo kikubwa ni bei, kwani ni ghali kuliko chumvi za kawaida.

Kwa miaka mingi kemikali hizi zimeitwa rafiki wa mazingira kwa sababu karibu hazipandi hewani. Lakini sifa hiyo ni ya hewa, si ya maji. Tafiti zimeonyesha kuwa nyingi kati yake ni sumu kwa viumbe wa majini, hasa zile zenye mkia mrefu wa kaboni unaopenya ngozi ya chembe hai. Baadhi huchukua muda mrefu kuoza.

Ziwa letu lina kina cha mita 1,470, na maji yake hutoka kwa mto mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo. Kubadilika kwa maji yote huchukua mamia ya miaka. Sumu ikiingia, haina haraka ya kutoka.

Ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024 ili samaki wazaliane, wafanyabiashara wa dagaa na migebuka walionja hali ya kukosa mzigo. Hiyo ilikuwa miezi mitatu, na tarehe ya kufunguliwa ilijulikana.

Si kwamba kila kemikali ya kundi hili ni ya kuogopwa. Zipo zinazotengenezwa kwa kolini, kirutubisho ambacho wafugaji wa kuku hukipata ndani ya chakula cha mifugo. Nyingi kati ya hizo zina sumu ndogo na huoza kwa urahisi zaidi. Kwa hiyo uchaguzi upo, ila anayechagua ni mwenye mkataba.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka tathmini ya athari kabla ya mradi, na wananchi washirikishwe. Mkataba wa mwaka 2003 wa nchi nne zinazopakana na ziwa nao unadai tathmini.

Siku wataalamu watakapofika Ujiji, maswali yawe matatu. Kemikali zinaitwaje kwa majina? Zimepimwa kwa samaki, au kwa hewa tu? Taka za kuchimbia zitapelekwa wapi?

Majibu yapatikane kwa maandishi kabla ya mtambo kushushwa majini. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Na yakitiwa sumu?