Ukionyeshwa picha, sema unachokiona

"Picha safi!" Wapenzi wasomaji, hayo ni maneno mawili matamu, na yeyote anayeambiwa hutabasamu. Lakini mwulize dakika tano baadaye amejifunza nini kwayo, naye hatakuwa na jibu. Hajui ni kitu gani kilichokuwa safi. Ni uso wa nyanya? Ni mwanga wa dirishani? Au ni wewe uliyekuwa na haraka ya kurudia chai yako kabla haijapoa? Kesho atapiga picha nyingine kwa kubahatisha, kama alivyobahatisha ya leo. Wahenga walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na wapiga picha nao ni wagema wa aina yao.

Upande wa pili yupo bingwa wa kukosoa. Huyu akionyeshwa picha hacheleweshi: "Ebo! Hili ni giza tupu. Kwani uliipiga ukiwa ndani ya gunia?" Waliopo huangua kicheko, na kijana aliyekuja na picha yake huirudisha simu mfukoni polepole. Huenda picha ilikuwa na giza kweli. Lakini aliyeambiwa hivyo naye hajui afanye nini ili kesho pasiwe na giza.

Huenda ukadai kwamba haya ni mambo madogo. La hasha! Katika aila nyingi za mjini kuna mtu mmoja anayejulikana kuwa ndiye wa picha. Ndiye anayeitwa siku ya ubatizo, siku ya posa, siku dada anapohitimu, na hata siku ya mazishi kule mashambani. Hakusomea kazi hiyo, wala halipwi. Akivunjwa moyo akaiacha, au akisifiwa ovyo akabaki pale pale, hasara ni ya aila nzima. Nyanya hupigwa picha ya mwisho mara moja tu. Iwapo uso wake ulitoka kivuli, hakuna atakayemrudisha kitini akae tena mbele ya kamera.

Basi leo tumwache kidogo mpiga picha, tuzungumze juu ya yule anayeonyeshwa picha. Hiyo nayo ni kazi, na ina utaratibu wake.

Jambo la kwanza ni kunyamaza na kutazama. Hesabu hadi kumi kabla ya kufungua kinywa. Kisha usitoe hukumu. Eleza tu jicho lako lilikopita. Tuseme binti amekuonyesha picha ya mama yake akipika. Mwambie hivi: "Macho yangu yamekwenda kwanza kwenye dirisha lililo nyuma, yakaja kwenye sufuria, na mwisho kabisa ndipo nikamwona mama." Hapo hujamsifu wala hujamtusi. Lakini yeye aliyetaka mama awe wa kwanza ameelewa papo hapo kwamba dirisha limemnyang'anya picha.

Ukiijua sababu, mwongezee. Kamera hupima mwanga wote ulio mbele yake na kutafuta wastani. Dirisha jeupe likiwa nyuma ya mtu, kamera hudhani kila kitu kina mwanga mwingi, ikapunguza, na uso ukawa mweusi tititi. Dawa yake ni rahisi: mama asogee kidogo ili dirisha liwe ubavuni pake, si mgongoni. Kama ni simu, gusa uso wake kwenye kioo kabla ya kupiga, nayo itapima mwanga wa uso badala ya wa dirisha.

Jambo la pili ni kuuliza mwenye picha alitaka nini. Hapa ndipo wengi wetu hujikwaa, hasa kwa picha za usiku. Mwanafunzi amekuja na picha ya anga ambayo nyota zake si vitone bali ni mistari. Je, amekosea? Hatujui mpaka tumwulize.

Nyota hutoka mistari kwa sababu dunia yetu inazunguka. Kwa saa moja hugeuka nyuzi 15, yaani uzi mmoja kila dakika nne. Kwa hivyo ukiiacha kamera wazi dakika nne tu, nyota iliyo juu ya utosi wetu hapa Kenya itakuwa imesogea kiasi cha miezi mipevu miwili iliyowekwa sambamba. Ikiwa kijana alitaka mistari, basi hakukosea hata kidogo. Pengine mwambie aache kamera wazi kwa muda mrefu zaidi ili mistari ipate urefu wa kupendeza. Ikiwa alitaka vitone, mpe hesabu ambayo wapiga picha za nyota wameitumia kwa miaka mingi: gawa 500 kwa urefu wa lenzi katika milimita, na jibu ni sekunde unazoweza kuiacha kamera wazi. Lenzi ya milimita 50 itakupa sekunde 10. Ya milimita 25, sekunde 20. Hayo ni makadirio tu, na kwa kamera ndogo punguza zaidi. Lakini mtoto akirudi nyumbani na hesabu hiyo, amerudi na kitu mkononi.

Jambo la tatu ni kutenga kosa la mpiga picha na mambo yasiyo kosa lake. Kuna wanaofungua magazeti ya ng'ambo, wakaona nyota zilizochora duara kamili angani, kisha wakamwuliza kijana wa Nairobi: "Mbona duara lako ni nusu?" Maskini, afanyeje? Sisi tumekaa karibu na ikweta. Ncha mbili ambazo nyota huzizunguka zipo kwenye upeo wa macho, moja kaskazini na nyingine kusini, kwa hivyo nusu ya duara hujificha chini ya ardhi. Mpiga picha wa Kenya akielekeza kamera kusini atapata nusu duara. Akielekeza mashariki atapata mistari inayopanda juu wima. Hiyo si kasoro. Hiyo ndiyo sahihi ya nchi yetu juu ya picha, na wa ng'ambo angelazimika kupanda ndege aje kuitafuta.

Vivyo hivyo usimlaumu anayeishi Umoja au Kayole kwa kukosa ule ukanda mweupe wa nyota tunaousikia ukisifiwa. Taa za jiji hulipaka anga rangi ya chai ya maziwa, nyota hafifu zikamezwa. Isitoshe, sehemu yenye kung'aa zaidi ya ukanda huo huonekana vizuri jioni za Juni hadi Septemba, na katika miezi ya katikati, Julai na Agosti, mawingu ya baridi huwa yameifunika Nairobi kama blanketi. Badala ya kulaumu, elekeza. Mwambie ajaribu Kilimia au kundi la Jabari jioni za Januari na Februari, wakati wa kiangazi. Mwambie atafute Zuhura jua linapotua, ikiwa ni msimu wake wa kuonekana jioni, akiweka mbele paa za mtaa na waya za umeme. Na akibahatika kwenda kwa babu mashambani, au safari ya shule ikimfikisha Magadi, asikose kubeba kamera na stendi ya miguu mitatu.

Hata katika picha za mchana lipo la kutenga. Filamu za rangi za zamani zilirekebishwa kwa kutumia kadi zenye picha ya mwanamke Mzungu. Kampuni ya Kodak ilikuwa na kadi za namna hiyo, zikiitwa kwa jina la Shirley. Ndiyo maana katika albamu nyingi za wazazi wetu shati jeupe limetoka vizuri sana na uso wa mwenye shati haukutoka. Kwa hivyo ukiona uso wenye giza usikimbilie kusema mpigaji hajui kazi. Mwonyeshe jinsi ya kuongeza mwanga kidogo, au kumwondoa mtu kwenye ukuta mweupe. Na jua la adhuhuri hapa kwetu husimama utosini, likachimba mashimo ya kivuli machoni. Mwambie amsogeze bibi arusi chini ya mwembe, au angoje saa kumi na moja jioni.

Jambo la nne: toa ushauri mmoja tu. Ndiyo, mmoja! Picha inaweza kuwa na kasoro saba. Ukizitaja zote, msikilizaji atasahau sita na kukumbuka uchungu. Chagua ile ambayo akiirekebisha kesho, tofauti itaonekana kwa macho.

Chukua mfano wa kupatwa kwa mwezi tarehe 7 Septemba 2025. Hapa Afrika Mashariki mwezi ulifunikwa wote kuanzia saa mbili na nusu usiku hadi saa tatu na dakika 52. Atakayekuonyesha picha zake za usiku wa namna hiyo huenda akawa na aina mbili za masikitiko. Kabla mwezi haujafunikwa, kwake umetoka kama sahani nyeupe isiyo na alama yoyote. Ulipofunikwa na kuwa mwekundu, umetoka kama doa lililotikisika. Ni makosa mawili yaliyo kinyume. Mwezi mpevu unamulikwa na jua lile lile linalotumulika sisi mchana, kwa hivyo hupigwa kwa muda mfupi kama kitu cha mchana. Kamera ikiachwa ijiamulie huona giza lote linalouzunguka na kuongeza mwanga kupita kiasi. Mwezi uliofunikwa nao ni hafifu maelfu ya mara, unataka sekunde moja au zaidi, na hakuna mkono wa binadamu unaoweza kutulia hivyo. Sasa, wewe mpe ushauri gani? Mwulize ni picha ipi anayoipenda zaidi, umshauri juu ya hiyo pekee. Kama ni ile nyekundu, sema: "Kamera iwe juu ya stendi, na utumie saa ya kujipigia yenyewe ili kidole chako kisiitikise." Basi. Hiyo nyingine ina siku yake, kwani mwezi mpevu hurudi kila mwezi.

Na wanaodhani kwamba wakubwa wa kazi hii hupata kila kitu mara moja wasikie habari za Mmarekani Ansel Adams. Picha yake ya mwezi ukichomoza juu ya kijiji cha Hernandez huko New Mexico ni miongoni mwa picha zinazojulikana sana duniani. Ina anga na mwezi, na chini yake nyumba na misalaba ya makaburini ikimulikwa na jua linalozama. Siku hiyo hakukiona kipima mwanga chake, ikambidi akadirie kwa kuwa alijua mwangaza wa mwezi. Kwa miaka mingi baadaye aliendelea kuisafisha upya picha hiyo hiyo, akilitia anga giza zaidi na zaidi. Bado kulikuwa na kasoro moja: hakuandika tarehe, na mwenyewe alitaja miaka tofauti. Ilibidi wataalamu wa nyota wapige hesabu ya mahali mwezi ulipokuwa ndipo ikajulikana kuwa ilikuwa tarehe 1 Novemba 1941. Kwa hivyo hata kwa picha iliyokukosha kabisa, lipo swali la kumsaidia mwenzako: "Umeandika ni lini na ni wapi?" Miaka thelathini ijayo wajukuu watakushukuru.

Nawe unayeonyesha picha, una wajibu wako. Mwenzako akisema macho yake yamekwenda dirishani, usianze kujitetea: "Lakini chumba kilikuwa kidogo, lakini mama alikataa kusogea." Picha ikishatoka mkononi mwako, maelezo yako hayatoki nayo. Sikiliza, uliza swali moja, shukuru, kisha uamue mwenyewe. Si lazima ukubali kila kitu. Kuna ushauri unaofaa picha ya mshauri, si yako.

Kuna swali moja ambalo mtazamaji hana budi kuliuliza hata kama picha imepigwa kwa ufundi wa hali ya juu: "Huyu uliyempiga anajua?" Mama muuza mboga sokoni, mzee aliyelala kwenye benchi, mtoto wa jirani akilia, hawa ni watu, si mapambo ya picha. Rafiki anayekuuliza swali hilo anakufaa kuliko kumi wanaokusifu.

Wiki hii nawapa kazi ya nyumbani, wazazi pamoja na watoto. Baada ya chakula cha jioni, kila mmoja alete picha mbili: moja ya mchana, ya kitu cha kila siku, na moja ya usiku, hata kama ni mwezi uliokwama kati ya nguo kambani. Anayetazama ahesabu hadi kumi, aseme anachokiona, aulize swali moja, atoe ushauri mmoja. Maneno "picha safi" yapigwe marufuku mezani kwa usiku huo mmoja. Siku ya pili kila mtu apige picha ile ile upya, kisha mbili hizo ziwekwe kando kwa kando. Msishangae mkimwona mtoto wa darasa la tano akimfundisha baba yake mahali pa kusimama.

Hadi Jumapili ijayo, anga liwe safi.