Yule Aliyetuletea Katoni



Jumapili iliyopita, baada ya Misa, nilimkuta dereva wa pikipiki ameketi chini ya mparachichi wa parokia, katoni iko kando yake. Ilikuwa na mishumaa na madaftari yaliyoagizwa Bukavu na kikundi kimojawapo cha vijana wetu. Alikuwa amefika Jumamosi jioni. Mwenye kumlipa alikuwa amesafiri na simu yake haikupatikana. Waliobaki walimwambia kwamba amechelewa siku mbili, basi apokee nusu.

Mimi pia niliwahi kupokea vitabu vilivyolowa maji, nami nilifoka. Tena wako madereva wanaokunywa kabla ya safari, hao sitawatetea. Lakini huyu alikosa nini?

Barabara ya Taifa namba 2 twaijua. Kutoka Bukavu hadi Kamituga ni kilomita 180 hivi, kupitia Walungu, Burhale na Mwenga. Mvua ikinyesha, lori moja likizama katika matope, mengine yote husimama nyuma yake, na pikipiki peke yake hupenya kando ya korongo, ikisukumwa na watu ambao nao hudai malipo. Petroli ya chupa huongezeka bei kadiri uuachavyo mji. Kwenye vizuizi kila mmoja anyoosha mkono, na risiti hakuna. Mara nyingi pikipiki yenyewe si mali ya dereva: jioni mwenyewe angoja kiasi walichopatana, mvua inyeshe isinyeshe. Kwa hiyo siku mbili za matope, ambazo sisi twaziita uchelewaji, kwake ni deni la siku mbili.

Kisha huja taabu ya kumtafuta mpokeaji. Vijijini kwetu nyumba hazina namba. Juu ya koli imeandikwa «Mama Furaha, karibu na kanisa», na karibu na kanisa Mama Furaha ni watano. Dereva hupanda kilima kutafuta mtandao, hupiga simu, naye mpokeaji hujibu: «Ningoje kidogo.» Hicho «kidogo» chaweza kula mchana mzima, wala hakuna anayekilipia.

Twasimama mbele ya altare na kuombea wafanyakazi. Vema. Lakini Sheria ya Musa yataka kibarua maskini alipwe siku ile ile, jua lisichwe juu ya ujira wake, na wenye kukosea hapo, kwa maoni yangu, si matajiri peke yao. Kupunguza bei baada ya mzigo kufika ni kumnyima mtu jasho lake, hata kama sanduku la kikundi ni dogo. Asiye na fedha asiagize.

Basi kila kikundi kipatane bei kabla katoni haijatoka mjini, na mvua ihesabiwe humo. Fedha ziachwe kwa mtu asiyesafiri. Jina la mpokeaji liandikwe pamoja na la baba yake na la shirika lake. Na anayefika amelowa apewe maji na mahali pa kuketi, kabla hatujaanza kukagua kamba za mzigo.

Yule kijana alilipwa saa nane mchana, baada ya kuchangishana mlangoni mwa kanisa. Alihesabu faranga zake mara mbili, akafunga koli nyingine mbili za Kamituga, akaondoka bila kula. Mawingu yalikuwa yamekwisha kutanda.