STEJI "YA KIJANI" INAYOACHA UCHAFU: MSIPANDE NAYO USANGI!

Wadau, kuna kamchezo kameota mizizi kwenye shoo kubwa za wazi hapa Bongo. Promota (jina kapuni) anatangaza steji "ya mazingira". Dizaina wake, naye kapuni, anashusha geti la maua ya plastiki, nyasi bandia, mabango ya fleksi kila kona na maputo juu. Selfii zinapigwa, laiki zinamiminika. Asubuhi lori linabeba spika na taa. Mengine yote yanaachiwa upepo.

Haya, pandisha mzigo huo Usangi uone. Kule ni milimani Upareni, wilaya ya Mwanga, jirani na msitu wa Kindoroko. Wapare wana ndiva, bwawa linalokusanya maji usiku, asubuhi linafunguliwa na mifereji inayapeleka mashambani. Mvua moja tu, maputo yaliyopasuka na vipande vya fleksi vinateremka mferejini. Mfereji ukiziba, bibi wa mahindi na maharage huko chini anakosa zamu yake ya maji, kisa shoo ambayo hata hakuingia!

Na msilete habari za "bila plastiki steji haipendezi". Harusi za Upareni na Uchagani zinapambwa kwa migomba miaka nenda rudi, na watu wanapendeza. Mgomba ukishazaa unakatwa tu, kwa hiyo dizaina anunue kwa wakulima, asiguse msitu. Fremu za mianzi zifungwe kwa kamba za migomba. Vitambaa vikodishwe virudi. Kesho yake mgomba analishwa ng'ombe. Takataka iko wapi hapo?

Serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tangu Juni 1, 2019. Mwezi huohuo Glastonbury, tamasha kubwa la Uingereza, liliacha kuuza vinywaji kwenye chupa za plastiki za kutupa. Wenzenu walishaanza, nyie bado mnajaza maputo.

Steji ya mazingira haipimwi kwa picha za usiku. Ipimwe saa 12 asubuhi, uwanja ukiwa mtupu. Promota aandike kwenye mkataba kwamba dizaina hapati hela ya mwisho mpaka uwanja urudi ulivyokuwa. Asiyeweza hilo aache kujiita wa kijani. Huo ni usanii tu.

Unamjua mwenye tabia hii? Usimtaje, atajijua. Funguka hapo chini!