Tableti Ndani ya Motokaa: Dereva Ana Macho Mawili Tu



Twaomba nafasi katika karatasi hii tuseme neno juu ya jambo lisilo la reli, lakini latuhusu sana sisi watu wa reli. Jambo lenyewe ni hizi tableti, au vishikwambi kama walimu wanavyoviita, ambazo siku hizi hufungwa katika dashibodi za motokaa, mbele kabisa ya uso wa dereva. Huku kwetu Isebania zimeenea. Matatu inayo, Probox inayo, hata mwenzetu aliyekopa fedha akanunua motokaa kuukuu hulala akiwaza tableti kabla ya kuwaza matairi.

Labda mtu atauliza, nyinyi watu wa reli mna shauri gani na dashibodi? Jibu letu ni hili. Sisi wenyeji wa Isebania tulioajiriwa relini hatuna reli ya kutufikisha nyumbani. Reli ilifika Kisumu mwaka 1901, wala haikuja upande huu wetu. Tukipata likizo, au tukiitwa kwenye msiba, twapanda motokaa karibu kilomita 200: Ahero, Oyugis, Kisii, Rongo, Awendo, Migori, ndipo tuuone mpaka. Kazini twalindwa na kanuni, ishara na gadi. Tukitoka kazini twajikabidhi kwa mtu mmoja na usukani wake. Basi macho ya mtu huyo yanatuhusu.

Tueleze yaliyotupata. Usiku mmoja tulikuwa abiria katika matatu, tumepita Rongo twaenda Awendo. Tableti ilikuwa imefungwa katikati ya dashibodi, yaonyesha watu wakicheza ngoma. Wimbo ukaisha. Dereva akanyosha mkono, akaanza kutafuta mwingine kwa kidole, macho yakiwa kwenye kioo kile. Mbele yetu kulikuwa na trekta la miwa lenye tela refu, halina taa hata moja nyuma. Mama mmoja akapiga yowe. Dereva akakata usukani, tukapita pembeni, na miwa ikakwaruza ubavu wa gari. Hakuna aliyeumia. Dereva akacheka, akasema, "Ajali haina kinga."

Lakini twataka kuungama kosa letu. Sisi tulikuwa wanne humo ndani, wote watu wa reli, watu tuliofundishwa usalama kila mwaka. Tulikuwa tumekiona kioo kile tangu Kisii, na tulikuwa tumenyamaza. Baadhi yetu tulikuwa tukitazama ngoma ile pamoja na dereva. Yule mama hakufundishwa kanuni yoyote, naye ndiye aliyetuokoa. Jambo hili latuuma mpaka leo, na ndilo lililotufanya tuandike.

Tusiwe watu wa kukataa kila kitu kipya. Wanaofunga tableti wana sababu. Motokaa nyingi zetu zatoka Japani, zikiwa zimetumika huko. Redio za huko zimetengenezwa kushika mawimbi ya FM kutoka megahezi 76 mpaka 90, na zile za karibuni mpaka 95. Stesheni zetu ziko kati ya 88 na 108. Basi mtu anunua motokaa nzuri, awasha redio, na sehemu kubwa ya stesheni hazimo. Kile kioo cha ramani kilichokuja nacho chasema Kijapani, na ramani yenyewe ni ya Japani tu. Afanye nini na ramani ya Osaka mtu aendaye Kehancha? Tableti yampa redio, ramani ya kwetu, na kamera ya kutazama nyuma akirudi kinyumenyume. Hayo ni mafaa, hatuyakatai.

Shida ya kwanza ni namna ya kuifunga. Tundu la redio katika motokaa lina kipimo kinachojulikana duniani: milimita 180 kwa 100 kwa redio pana, na katika Toyota nyingi za Japani ni 200 kwa 100. Tableti ya inchi 7 ni pana kuliko tundu la kwanza, na kwa kimo yazidi yote mawili. Basi fundi atwaa msumeno, akata plastiki, na mara nyingi aziba tundu za hewa au swichi ya taa za hatari. Siku gari likikwama gizani, dereva aipapasa swichi ile na haioni.

Halafu kuna umeme. Betri ya motokaa ni volti 12, na injini ikinguruma hupanda mpaka 14. Tableti yataka volti 5 tu. Lazima pawe na kifaa kizuri cha kupunguza, na waya uchukuliwe mahali panapozimika ufunguo ukitolewa, na fyuzi ndogo iwekwe karibu na pale waya unapoanzia. Tableti haihitaji zaidi ya ampea 1 au 2 kutoka kwenye betri, kwa hiyo fyuzi ya ampea 3 yatosha. Mwenzetu mmoja alifungiwa tableti na fundi wa kando ya barabara, waya ukatolewa moja kwa moja kwenye betri bila fyuzi. Waya ukasuguliwa na bati mpaka ngozi yake ikaisha. Alikuwa na mke na watoto watatu garini moshi ulipoanza kutoka chini ya dashibodi. Alisimama, akawatoa, akang'oa waya wa betri kwa mkono. Fyuzi aliyonyimwa ni ya bei ndogo kuliko chai na mandazi.

Tena motokaa nyingi za siku hizi zina mifuko ya hewa katika usukani na mbele ya abiria. Gari likigonga, mfuko ule hufumuka kwa sehemu ndogo sana ya sekunde, kabla hujapepesa jicho. Tableti iliyobandikwa juu ya kifuniko chake hugeuka kuwa tofali lililotupwa usoni pa abiria. Na jua nalo tusilisahau. Watengenezaji wengi huandika kwamba tableti isitumiwe penye joto kupita nyuzi 35. Motokaa iliyofungwa vioo juani mchana hupita kiasi hicho upesi, na dashibodi ndiyo mahali pa moto zaidi. Betri yake ikivimba humo, nani atakuwa amekaa mbele yake?

Hayo ya fundi yaweza kutengenezwa na fundi. Shida ya pili ni kubwa zaidi, nayo ni macho. Tufanye hesabu kama tulivyofundishwa shuleni. Gari liendalo kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Dereva akitazama kioo kwa sekunde 2, gari limekwenda mita 44, karibu urefu wa mabehewa mawili ya abiria, bila mtu wa kuliongoza. Mwaka 2013 idara ya usalama wa barabara ya Marekani iliwapa watengenezaji wa motokaa mwongozo kwamba vyombo vya dashibodi visimtake dereva aondoe macho barabarani zaidi ya sekunde 2 kwa mara moja, wala zaidi ya sekunde 12 kwa kazi nzima. Kutafuta wimbo kati ya nyimbo mia, je, ni kazi ya sekunde 12?

Sisi watu wa reli twalijua jina hili la tableti tangu zamani. Mwaka 1874, mwezi wa Septemba, huko Thorpe karibu na Norwich, Uingereza, treni mbili ziliruhusiwa kuingia katika njia moja usiku, moja kutoka kila upande, kwa sababu ya kutoelewana kwa watu wawili wa stesheni juu ya habari ya simu ya upepo. Watu 25 walikufa. Baada ya hapo Edward Tyer akabuni mashine, akaiandikisha mwaka 1878. Mashine mbili, moja katika kila stesheni, zaungana kwa waya wa umeme, na ndani yake mna vibao vya mviringo vya madini vilivyoitwa tableti. Kikitoka kibao kimoja, mashine zote mbili zajifunga, hakitoki kingine mpaka cha kwanza kirudishwe. Dereva asiye na kibao mkononi hana ruhusa kuingia njiani. Tableti ile ilimwambia dereva jambo moja tu: njia ni yako, itazame. Tableti ya leo yamwambia mambo mia, na yote yamtaka asiitazame njia.

Na reli nazo zimeonja uchungu wa vioo hivi. Mwaka 2008, huko Chatsworth katika California, dereva wa treni ya abiria alikuwa akiandikiana ujumbe kwa simu, akapita ishara nyekundu, akagongana na treni ya mizigo. Watu 25 walikufa, naye mmoja wao. Mwaka 2016, huko Bad Aibling, Ujerumani, mwongoza treni alikuwa akicheza mchezo katika simu yake akiwa kazini. Akaruhusu treni mbili katika njia moja, wakafa watu 12. Na mwaka 2013, karibu na Santiago de Compostela, Hispania, dereva alikuwa akiongea kwa simu na mwenzake wa treni ile ile, juu ya kazi. Akafika kwenye kona ya kilomita 80 kwa saa akiwa na mwendo wa zaidi ya 170. Walikufa watu karibu 80. Tuangalie neno hili sana: simu ile ilikuwa ya kazi. Kazi haikumpa jicho la tatu.

Ndiyo sababu sisi hatukubali ile habari ya kwamba ajali haina kinga. Kila kanuni katika kitabu chetu iliandikwa baada ya watu kufa, ili wengine wasife vile vile. Hiyo ni kinga. Kwa barabara pia kinga zipo. Kanuni za Michuki zilizoanza kutumika mwaka 2004 zilileta mikanda na vidhibiti mwendo vya kilomita 80 katika matatu, na kanuni za makosa madogo za mwaka 2016 ziliweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likienda. Lakini kidhibiti mwendo hakiwezi kudhibiti macho.

Sasa tusimtupie dereva mzigo wote. Yeye ni mfanyakazi kama sisi. Mara nyingi mwenye gari ndiye aagizaye kioo kifungwe, kwa sababu vijana hupenda gari lenye picha. Mwenye gari huyo huyo humpigia dereva simu akiwa njiani kumwuliza hesabu ya siku. Mahali pengine dereva wa teksi hupewa kazi kupitia kioo, na asipokibonyeza upesi, abiria huenda kwa mwingine. Polisi wakija, faini ni ya dereva. Gari likianguka, wa kwanza kufa ni dereva. Tulisoma habari ya mtumishi na mabwana wawili tulipokuwa watoto shuleni kwa wamisheni. Huyu dereva ana watatu: barabara, kioo na tajiri. Wahenga walisema mshika mawili moja humponyoka, na hapa kinachoponyoka ni maisha ya watu.

Basi twatoa shauri letu, wenzetu walipime:

1. Picha za ngoma na mpira ziwekwe nyuma kwa abiria, mahali dereva hawezi kuziona. Mbele pabaki ramani na kamera ya nyuma tu.

2. Ramani ipangwe kabla gari halijaondoka, na dereva aisikilize kwa sauti. Akitaka kuibadili, asimame kando.

3. Anayefunga tableti adai fyuzi, waya unaozimika na ufunguo, na mahali pasipo mfuko wa hewa wala swichi. Asilipe mpaka ameonyeshwa fyuzi kwa macho.

4. Mwenye gari ampigie makanga, asimpigie dereva. Na akifunga kioo kinachovunja sheria, faini iwe yake.

5. Sisi abiria tufungue midomo. Tuseme kwa adabu, "Ndugu dereva, twaomba utazame mbele." Tukiwa wanne tuseme wote wanne.

Twaiomba kamati ya chama chetu ilichukue shauri la nne, ikaongee na vyama vya madereva. Wao wako peke yao mbele ya matajiri wao, kama tulivyokuwa sisi kabla ya chama. Na wale wenzetu wenye motokaa zao, ambao wamekwisha funga tableti, waende leo wakatazame nyuma ya dashibodi. Aliyeponea moshi ule amekwisha kufanya hivyo. Ameihamisha tableti yake, ameitia fyuzi, na akiingia njiani huizima.

Ni sisi ndugu zenu wa reli, watu wa Isebania.