Wana wa Hakosi Nao Wahesabiwe

Ezra sura ya pili ni sura ambayo wahubiri wengi waliiruka miaka yote. Ni majina tu na hesabu: wana wa fulani, elfu mbili na kitu, wana wa fulani, mia saba na kitu. Lakini kila mara maneno ya kurudi Kongo yanapoanza kusikika, sura hiyo inapata wasomaji. Inasomwa kwenye maombi ya asubuhi, inasomwa kwenye vikao vya wazee, na kusudi ni lile lile: kuonyesha kwamba hata Mungu, kabla ya kurudisha watu kwao, aliwauliza kwanza, "Weye uko wa nani? Leta karatasi ya baba yako." Na asiye nayo, wanasema, akae pembeni.

Mimi nasema wanaisoma nusu. Na ofisi zinazotuandikisha, hata kama hazifungui Biblia, zinafanya kosa lile lile kwa kompyuta. Haya naandikia pande zote mbili: wazee wetu wa ukoo, na ndugu zetu wa mashirika wanaokaa nyuma ya meza.

Tuanze na sura yenyewe. Watu wa Yuda walikuwa mateka Babeli. Koreshi wa Uajemi aliiteka Babeli mwaka 539 kabla ya Kristo, akawapa ruhusa ya kurudi. Orodha inaanza na raia wa kawaida. Wengine wanatajwa kwa jina la babu: wana wa Paroshi, 2,172. Wengine hawana babu yeyote kwenye orodha, wanatajwa kwa mji tu: watu wa Bethlehemu 123, watu wa Anathothi 128. Kisha makuhani, nyumba nne: Yedaya 973, Imeri 1,052, Pashuri 1,247, Harimu 1,017. Halafu Walawi, 74 tu. Waimbaji wana wa Asafu 128, mabawabu 139, na mwisho watumishi wa hekalu pamoja na wana wa watumishi wa Sulemani, 392, ambao baadhi ya majina yao yana asili ya kigeni kabisa.

Hapo ndipo wahubiri wetu wanaposhika kasi, kwa sababu baada yao wanakuja wasio na karatasi. Wana wa Delaya, wa Tobia na wa Nekoda, watu 652, hawakuweza kuonyesha nyumba ya baba zao. Na katika makuhani, wana wa Habaya, wana wa Hakosi na wana wa Barzilai walitafuta majina yao katika kitabu cha ukoo, hayakupatikana. Wakatolewa katika ukuhani. "Mumesikia!" anasema mhubiri, na anafunga kitabu.

Asifunge. Wale 652 wamekatazwa nini? Hakuna. Wameandikwa, wamehesabiwa, wako njiani na wenzao. Hakuna mstari unaosema walirudishwa Babeli. Na wale makuhani watatu, liwali hakuwaambia "nyinyi si watu wetu". Aliwaambia wasile vyakula vitakatifu sana mpaka asimame kuhani mwenye Urimu na Thumimu. Kwa lugha yetu ya hapa: faili yenu bado iko wazi, subirini mwenye uwezo wa kuamua. Walizuiwa kazi moja na sahani moja. Hawakuzuiwa barabara, wala kijiji, wala mkate wa kila siku.

Sasa fungua Nehemia sura ya tatu, pale ukuta wa Yerusalemu unapojengwa upya. Katika wajenzi yupo Meremothi, mwana wa Uria, mwana wa Hakosi. Hakosi! Anajenga kipande cha kwanza, halafu anaongeza cha pili. Na Ezra sura ya nane inamtaja kuhani Meremothi mwana wa Uria akipokea fedha na dhahabu ya hekalu, inapimwa mkononi mwake. Wasomaji wengi wa Maandiko wanaona huu ni ukoo ule ule uliokosa jina kitabuni. Biblia haisimulii siku waliyokubaliwa. Inatuonyesha tu kwamba nyumba iliyokosa karatasi ndiyo baadaye iliyobeba mawe na kulinda sanduku la fedha.

Na wana wa Barzilai walikosaje jina lao? Sura yenyewe inaeleza: babu yao alioa binti wa Barzilai wa Gileadi, akaitwa kwa jina la wakwe. Alichukua jina la upande wa mke. Ni nani alikuwa Barzilai huyo? Ni mzee aliyemletea Daudi vitanda, ngano, unga, maharagwe, asali na kondoo wakati Daudi mwenyewe alikuwa mkimbizi, amemkimbia mwanawe Absalomu. Kwa hiyo jina lililoleta shida mezani lilikuwa jina la mtu aliyelisha mkimbizi. Wahudumu wa mashirika, hii ni ya kwenu.

Na wanaopenda hesabu, wajumlishe. Orodha ya Ezra inasema jumla ni 42,360. Ukijumlisha nyumba moja moja unapata 29,818. Orodha hiyo hiyo katika Nehemia inakupa 31,089, na jumla yake pia imeandikwa 42,360. Wale 652 wa Ezra, kwa Nehemia ni 642. Zaidi ya watu elfu kumi na mbili wamo katika jumla ya Ezra bila jina la nyumba yoyote. Kama orodha ya kitabu kitakatifu ina pengo la namna hiyo na bado watu wale wote wanahesabiwa, orodha iliyochapwa ofisini jana inapata wapi kiburi?

Sasa turudi huku kwetu, Rubavu. Wengi wanaopita kituo cha Nkamira wametoka Masisi na Rutshuru, wanasema Kinyarwanda. Kwa mila yao mtoto harithi jina la baba. Siku ya nane anapewa jina lake mwenyewe, na jina hilo ni sentensi: Habimana, Mungu yuko, Nsengiyumva, namwomba anayesikia. Ndugu watatu wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matatu yasiyofanana hata herufi. Ukoo upo, Abasinga, Abazigaba, Abega na wengine, lakini hauandikwi kwenye jina. Wanande wa Beni na Lubero wana mpango mwingine: jina linafuata nafasi ya kuzaliwa. Kambale ni kijana wa pili, Masika ni binti wa kwanza. Kuna Kambale maelfu ambao hawana udugu wowote. Ongeza mwaka 1972, Mobutu alipokataza majina ya Kikristo: mzee aliyekuwa Yohana katika kitabu cha parokia akawa na jina lingine katika karatasi ya serikali. Leo mtoto wake anaulizwa, "Lipi ndilo la kweli?" Yote mawili ni ya kweli.

Halafu fomu inakuja na sanduku moja: jina la familia.

"Jina ya familia?"
"Hatuna. Mimi ni Uwimana, baba alikuwa Nsengiyumva, huyu kaka yangu ni Habimana."
"Sasa tutajua namna gani kama muko ndugu?"

Mazungumzo haya mnayajua, yanasikika karibu kila siku ya kuandikisha. Mwisho wake, ndugu wawili wanaandikwa nyumba mbili, mgonjwa anatenganishwa na anayemhudumia, na siku ya kuhamishwa mmoja anapelekwa kambi moja na mwingine nyingine. Na wale Kambale wawili wasiojuana, mashini inawaona jamaa.

Wazee wangu, msicheke ofisi. Nyinyi mnalo sanduku lenu. Kikao kinakaa, mnapanga nani ni mwana wa kweli wa Masisi na nani "alikuja juzi", na mnamaliza kwa jina la babu. Mmesahau fimbo hiyo ilitupiga sisi wenyewe? Sheria ya 1972 iliwapa uraia waliotoka Ruanda-Urundi na kukaa Kivu kabla ya 1950. Sheria ya 1981 ikawanyang'anya: ikataka uonyeshe kwamba wazazi wako wa kale walikuwa wa kabila lililokuwa kwenye ardhi ya Kongo tarehe 1 Agosti 1885. Nani ana karatasi ya 1885? Wabelgiji wenyewe walihamisha watu kutoka Rwanda kwenda Masisi tangu 1937 hadi 1955, wakawapa mashamba ya kufyeka. Halafu wajukuu wakaambiwa walete babu mwingine. Sheria ya 2004 ililegeza, ikahesabu makabila yaliyokuwa kwenye ardhi hiyo wakati wa uhuru, lakini mdomo wa barabarani ungali unauliza swali la 1981.

Na nchi hii tunayokaa inajua kuliko nchi nyingi swali hilo linafika wapi. Mwaka 1994, katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, neno moja kwenye kitambulisho lilitosha kwa mtu kuuawa kwenye kizuizi cha barabarani. Baadaye Rwanda ililiondoa neno hilo kwenye kitambulisho. Mwaka 1997, hapa karibu, Mudende, wakimbizi wa Kongo waliuawa kambini, Agosti na tena Desemba.  Karatasi haikuwaokoa.

Najua majibu yanayokuja. Mhudumu atasema: kuna udanganyifu, watu wanajiandikisha mara mbili. Ni kweli, wapo. Lakini alama za vidole na picha ya jicho ndizo zinazowakamata. Jina la familia halijawahi kukamata mwongo. Mwongo ndiye wa kwanza kulikariri. Anayekwama ni mkweli, kwa sababu anasema jinsi mambo yalivyo.

Mzee atasema: kuna mashamba, tukirudi na watu wasiojulikana majirani watadhani tumekuja kupora. Hofu hiyo ni ya kweli na majirani wetu Wahunde wanayo haki ya kuuliza. Basi waulizwe mambo ambayo jirani anaweza kuthibitisha: kijiji gani, chifu gani, mto gani ulikuwa chini ya shamba, nani alikaa upande wa kushoto. Watu wa Bethlehemu walirudi kwa jina la mji wao, wakatosha.

Mhubiri atasema: lakini Ezra huyo huyo alifukuza wanawake wa kigeni. Ndiyo, sura ya kumi inasema hivyo, na machozi yake yameandikwa. Lakini Bethlehemu iliyorudi na watu 123 ndiyo Bethlehemu ya Ruthu Mmoabi, bibi mzaa babu wa Daudi. Ukichuja sana damu ya orodha, utamtoa mfalme.

Mambo tunayotaka ni mepesi. Jina la kila mtu liandikwe kama lilivyo, na la baba na la mama kila moja kwenye nafasi yake, bila kulazimisha yafanane. Ambaye jina lake lina mashaka ahesabiwe kwanza, apate chakula na hema, swali lake lisubiri mwenye uwezo wa kuliamua, na aambiwe ni nani huyo na lini. Mashahidi wasitoke ukoo mmoja tu. Wanawake wawemo, kwa sababu ndio wanaojua nani alizaliwa nyumba gani usiku gani. Na swali la kabila lisiulizwe kwa sauti mbele ya mstari mzima.

Mkataba wa Rwanda, Kongo na UNHCR wa Februari 2010 uliahidi kurudi kwa hiari, kwa usalama na kwa heshima. Heshima inaanzia kwenye kalamu. Mhubiri, Jumapili ijayo soma Ezra ya pili mpaka mwisho, halafu uendelee mpaka kwenye ukuta wa Nehemia, umtaje Meremothi kwa sauti. Karani, ukikuta nyumba isiyo na jina, acha nafasi wazi, usimfute mtu.