Mashine za Kamari Kambini: Viganja Hujua Kabla ya Akili

Mwaka 2017 ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la Marekani ilitoa taarifa kwamba majeshi ya nchi hiyo yalikuwa yakiendesha mashine za kamari zaidi ya 3,000 katika kambi zake za ng'ambo, na kwamba kati ya mwaka 2011 na 2015 mashine hizo ziliingiza zaidi ya dola milioni 500. Fedha hizo ziligharimia burudani za askari. Kwa maneno mengine, askari alichangiwa burudani kwa mshahara wake mwenyewe. Ndani ya ardhi ya Marekani mashine za namna hiyo ziliondolewa kambini tangu mwaka 1951, lakini ng'ambo zikaendelea.

Yafaa tujiulize: inakuwaje mtu aliyefunzwa kupima hatari, anayejua kulala chini kabla ya kuambiwa, aketi mbele ya sanduku lenye taa na kumimina humo posho ya mwezi mzima? Jibu la mitaani ni tamaa. Sisi jibu hilo hatuliridhii, kwa sababu wataalamu wameonyesha kwamba sehemu kubwa ya uamuzi wa mcheza kamari hupita mahali ambapo yeye mwenyewe hapaoni.

Katika miaka ya 1990 Antoine Bechara, Antonio Damasio na wenzao wa Chuo Kikuu cha Iowa walitunga mchezo wa karata wenye mafungu manne. Mafungu mawili yalilipa dola 100 za mchezo kwa kila karata, lakini mara kwa mara yalitoza faini kubwa, hata mwenye kuyang'ang'ania alifilisika. Mawili mengine yalilipa dola 50 tu, faini zake ndogo, na mwishoni yalileta faida. Wachezaji hawakuambiwa lolote kati ya hayo. Viganja vyao vilifungwa kifaa cha kupima jasho.

Matokeo waliyoyatangaza mwaka 1997 yanastahili kusomwa na kila mlinzi wa doria. Baada ya karata kama kumi hivi, viganja vya watu wazima wa afya vilianza kutoa jasho kila mkono ulipoelekea fungu baya, ingawa walipoulizwa walisema hawajui lolote. Shuku ya wazi iliwajia karibu na karata ya 50. Wale walioumia sehemu ya mbele ya ubongo, juu ya macho, hawakutoa jasho hilo la tahadhari, nao waliendelea kuchota hasara. Na baadhi yao walichota hata baada ya kutambua fungu lipi ni baya. Ni kweli kwamba mwaka 2004 wataalamu wengine, Maia na McClelland, walipinga, wakionyesha kwamba mchezaji akiulizwa kwa makini zaidi hudhihirika kuwa anajua mapema kuliko ilivyodhaniwa. Pingamizi hilo lina uzito. Hata hivyo halifuti jambo moja, nalo ni kwamba kujua peke yake hakukuwaokoa wale wagonjwa.

Basi ikiwa mwili una mlinzi wake, mtengenezaji wa mashine ya kamari hufanya nini? Humlevya mlinzi huyo. Askari huweka dau la shilingi 1,000, mashine humrudishia 300, na papo hapo taa zinawaka na muziki wa ushindi unalia. Amepoteza 700, lakini anashangiliwa! Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Kanada, walipima jasho la wachezaji mwaka 2010 wakakuta kwamba mwili huipokea hasara hiyo iliyovikwa nguo za ushindi karibu sawa na ushindi wenyewe. Hali kadhalika, Luke Clark na wenzake walionyesha mwaka 2009 kwamba kukosa chupuchupu, yaani picha mbili kulingana na ya tatu kupita kidogo, huamsha sehemu zilezile za ubongo zinazoamshwa na kushinda. Mwenye kujifunza shabaha hunufaika kwa kukosa kidogo, maana risasi ya pili ataielekeza vyema. Kwenye mashine hakuna cha kuelekeza.

Huko British Columbia, mwaka 2016, hata panya waliopewa taa na sauti pamoja na ushindi walichagua njia za hatari zaidi kuliko wenzao waliocheza kimyakimya, na panya hawana mtu wa kuwasifu kwa ushujaa.

Uingereza ilichukua hatua. Tangu Oktoba 2021 michezo ya namna hii inayochezwa kwa njia ya mtandao imekatazwa kupiga sauti au kuonyesha picha za ushindi pale ambapo mchezaji amerudishiwa kiasi kisichozidi dau lake. Uganda ilipita njia nyingine: sheria yake ya mwaka 2016 iliwakataza kucheza walio chini ya miaka 25, hata kijana wa miaka 20 anayeaminiwa bunduki ya serikali asiaminiwe tiketi ya mpira. Sisi tunaona njia ya Uingereza inagusa mzizi zaidi, maana umri hauzuii kiganja kudanganywa na kengele.

Marekani yenyewe haikuondoa mashine baada ya taarifa ile. Bunge lake lilipitisha mwaka 2018 sheria inayotaka wanajeshi waulizwe kuhusu uraibu wa kamari wanapopimwa afya kila mwaka. Ni hatua, lakini dodoso humwuliza mtu kile anachokijua juu ya nafsi yake, na kwa kadiri ya majaribio tuliyoyaeleza, hapo ndipo habari huchelewa kufika.